Vumbi la Garissa na mtihani wa injini za alumini

WAKULIMA wanaolima ndizi, maembe, vitunguu na nyanya kandokando ya Mto Tana mjini Garissa wanaifahamu vyema dalili hii. Pampu iliyonunuliwa ikiwa mpya huanza kutoa moshi wa samawati, kamba ya kuiwashia huvutika kwa wepesi usio wa kawaida, na maji yanayofika shambani hupungua siku baada ya siku. Fundi anapoifungua injini hukuta ukuta wa silinda umechorwa mistari kama ubao uliokwaruzwa kwa msumari.

Wahudumu wa bodaboda mjini humo na madereva wanaopita njia za mchanga kuelekea maeneo ya ndani wana kilio hicho hicho. Injini ambayo ilikoundwa ingedumu miaka mingi, hapa hulika mapema.

Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, wahandisi wa viwanda vikubwa vya magari wamekuwa wakiikinga alumini kwa utando mwembamba wa metali unaopulizwa ndani ya silinda ukiwa umeyeyushwa. Teknolojia hiyo imefaulu katika barabara za lami za Ulaya, Japani na Marekani. Iwapo inafaa kwa vumbi la Garissa, Wajir na Mandera ni jambo jingine. Linawahusu wakazi wa kaunti hizo tatu, zilizounda Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kwa sababu katika eneo hilo injini si chombo cha usafiri pekee. Ndiyo inayovuta maji.

Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo hadi mwisho wa 2022. Silanga zilikauka, na wafugaji wakabaki kutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo. Mashine za kuvuta maji katika visima vya aina hiyo hulazimika kufanya kazi mchana na usiku nyakati kama hizo. Moja inapozimika, mifugo iliyotembezwa kutwa nzima hukuta birika tupu, na kisima kinachofuata huenda kikawa umbali wa makumi ya kilomita.

Ni nini basi hasa kinachoila injini? Jibu la haraka ni vumbi, lakini si kila vumbi lina makali sawa. Sehemu kubwa ya mchanga ni chembe za silika, madini yale yale yanayotengenezewa vioo. Wataalamu hupima ugumu wa kitu kwa kukibonyeza kwa ncha ya almasi na kuangalia kovu linalobaki, kipimo kinachoitwa Vickers. Alumini ya injini hupata takriban 100 katika kipimo hicho. Chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa katika kalibu na ambacho ndicho kilichotumiwa kwa injini tangu enzi na enzi, hupata 200 hadi 250. Chembe ya silika hupita 1,000.

Kwa maneno mengine, chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya pistoni na silinda, hakuna kati ya metali hizo mbili inayoweza kuishinda. Alumini hulika haraka, chuma hulika polepole, lakini vyote viwili hulika.

Ukubwa wa chembe nao ni muhimu. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda pana utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Chembe kubwa ya mchanga haiwezi kupenya humo, na aghalabu hunaswa na filta ya hewa. Zinazoangamiza injini ni zile za mikroni 5 hadi 20, zisizoonekana kwa macho zikiwa mojamoja, ambazo huelea hewani muda mrefu baada ya lori kupita. Yeyote aliyewahi kufuata basi katika njia kavu ya mchanga ameivuta hewa ya aina hiyo, na injini yake imeivuta kwa wingi zaidi.

Alumini haikuingia katika injini kwa bahati mbaya. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, ilhali ya chuma cha kusubu ni gramu 7 na ushei. Gari jepesi hunywa mafuta kidogo. Isitoshe, alumini hupitisha joto kwa kasi kuliko chuma, sifa njema katika mji ambao kipimajoto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Udhaifu wake ni ule ule wa ugumu: pistoni ya alumini ikisuguana na silinda ya alumini isiyokingwa, metali hizo mbili hushikana, hung'oana na hatimaye hukwama.

Suluhisho la kawaida ni kuweka mrija wa chuma cha kusubu ndani ya silinda ya alumini. Mafundi wa jua kali huuita slivu. Injini ya Toyota Probox, gari linalojulikana kila kona ya Kenya, imeundwa hivyo: mwili wa alumini, slivu nyembamba za chuma ndani. Pikipiki nyingi za bodaboda pia zina mpangilio wa aina hiyo.

Hata hivyo, baadhi ya injini ndogo za bei nafuu hazina slivu kabisa. Ndani yake pistoni hupakwa kromu na kuachwa isugue alumini tupu. Kwa mashine ya kukata nyasi inayotumika saa chache kwa wiki, mpango huo unatosha. Kwa pampu inayonguruma kutwa nzima katika shamba lenye mchanga, hautoshi hata kidogo, na mkulima anayeinunua kwa kuangalia bei pekee hulipa tofauti hiyo baadaye.

Hapo ndipo utando wa kupuliza unapoingia. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mvumbuzi wa Uswisi aliyeitwa Max Ulrich Schoop alionyesha kwamba metali inaweza kuyeyushwa, kupasuliwa kuwa matone madogo kwa hewa yenye nguvu na kurushwa juu ya kitu kingine ikagandia hapo. Leo kuna namna kadhaa za kufanya hivyo. Katika moja, nyaya mbili za chuma hukutanishwa zikiwa na umeme, cheche inayozuka kati yake huziyeyusha, na gesi yenye kasi hurusha matone. Katika nyingine, gesi hupashwa kwa umeme hadi ikawa plasma, hali ambayo joto lake hupita nyuzi 10,000. Ya tatu huchoma mafuta pamoja na oksijeni ndani ya bomba jembamba na kurusha unga wa metali kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde.

Msomaji anaweza kujiuliza ni vipi alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, haiyeyuki inapopigwa na matone ya chuma yenye joto linalozidi nyuzi 1,500. Jibu ni udogo wa matone hayo. Kila tone hufika, hubonyea kama chapati na kupoa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kabla ya joto lake kuwahi kuenea. Matone yanayofuata huangukia juu yake, na utando hujengeka tabaka kwa tabaka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba utando huo haukuungana na alumini kama vyuma viwili vilivyochomelewa. Umejishikiza tu. Kwa sababu hiyo ukuta wa silinda hukwaruzwa kwanza kwa makusudi, au huchongwa vijifereji ambavyo mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo, ili metali inayopulizwa ijifungie ndani. Alama ya kidole chenye mafuta iliyosahaulika ukutani inaweza kuharibu kazi yote. Aidha, alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma inapopata joto, kwa hiyo kila injini inapowashwa na kuzimwa, mshiko huo hujaribiwa upya.

Hata ubovu mdogo wa utando huu una faida yake. Kati ya chapati hizo za chuma hubaki vitundu vidogo sana. Baada ya ukuta kusuguliwa hadi ukang'aa kama kioo, vitundu hivyo hubaki kuwa vihifadhi vya oili, na ringi hupita juu yake kwa ulaini. Msuguano unapopungua, mafuta yanayochomwa hupungua pia. Kwa watengenezaji wa magari, hiyo ndiyo sababu kuu ya kuupenda utando huu.

Volkswagen ilianza kuutumia katika baadhi ya injini zake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nissan iliuweka katika gari lake la kifahari la GT-R lililozinduliwa mwaka 2007, ukiwa na unene wa takriban milimita 0.15 mahali pa slivu ya zaidi ya milimita 2, na uzito wa injini ukapungua kwa kilo tatu hivi. Ford ilifuata na gari la Shelby GT500 la mwaka 2011. Mercedes-Benz, iliyoanza na magari yake ya kasi mwaka 2006, iliupeleka mwaka 2016 katika injini ya kawaida ya dizeli iliyowekwa kwenye magari ya E-Class.

Orodha hiyo ina maana kwa Kenya. Sheria inaruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane. Teknolojia iliyokuwa ya magari ya kifahari miaka kumi iliyopita ndiyo inayoteremshwa bandarini Mombasa leo, na mengine kati ya magari hayo huishia njia za Modogashe na Hagadera.

Tukirudi kwenye kipimo cha Vickers, utando wa chuma unaopulizwa kwenye silinda za magari kwa kawaida hupata kati ya 300 na 500. Umeipita slivu ya kawaida, na unaiacha mbali alumini tupu. Lakini bado uko chini mno ya silika. Wataalamu wa ulikaji wana kanuni inayojulikana: uso wa metali huanza kustahimili mchanga kwa kweli pale tu ugumu wake unapokaribia au kupita ule wa mchanga wenyewe. Chini ya hapo, ugumu zaidi husaidia, ila vumbi bado ndilo bwana.

Tofauti hiyo huonekana katika maabara. Kipo kipimo kimoja ambapo kipande kilichotiwa utando hubanwa dhidi ya gurudumu la mpira linalozunguka huku mchanga mkavu ukimiminwa katikati, kisha kipande hupimwa uzito kujua kimepoteza kiasi gani. Kipimo kingine husugua ncha ya metali juu ya sahani inayozunguka, ikiwa na oili safi. Utando wa silinda hung'ara katika kipimo cha pili, kinachofanana na injini iliyotunzwa. Cha kwanza, kinachofanana zaidi na Garissa, ndicho kinachoutoa jasho.

Historia pia inafundisha tahadhari. Mwaka 1970 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la Chevrolet Vega lenye silinda za alumini zisizo na slivu, zilizotegemea chembe ngumu za silikoni zilizochanganywa katika metali yenyewe. Injini zilipochemka, kuta za silinda ziliharibika, na jina la gari hilo likachafuka. Katika miaka ya 1990, BMW na Jaguar zilitumia utando wa nikeli wenye chembe za kabaidi ya silikoni, usiopulizwa bali kupakwa kwa njia ya umeme. Ulikuwa mgumu ajabu dhidi ya msuguano. Kilichoushinda hakikuwa mchanga wala joto, bali salfa iliyokuwa katika petroli ya baadhi ya nchi, iliyoula nikeli kama tindikali. Kampuni zote mbili zililazimika kuuacha katika injini hizo.

Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni kuanzia Januari 2015, hatua iliyozipa nafuu injini za kisasa. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba utando uliofaulu mtihani mmoja waweza kuanguka mwingine ambao hakuna aliyeufikiria. Katika Kaskazini Mashariki mtihani huo mwingine ni maji. Maji ya visima vingi nje ya ukanda wa maji baridi wa mkondo wa chini ya ardhi wa Merti yana chumvi. Dereva anayeyamimina katika rejeta hukaribisha kutu upande wa pili wa ukuta wa silinda, mahali ambapo hapajapulizwa chochote. Utando unaweza kubaki mzima ndani huku alumini ikiliwa kwa nyuma.

Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, huja siku ya matengenezo. Slivu ya chuma ikilika, fundi huichonga upya ikapanuka kidogo, akaweka pistoni kubwa zaidi, na injini ikarudi kazini. Slivu inayochomolewa ni rahisi zaidi: ya zamani hutolewa, mpya huingizwa. Ndiyo sababu injini nzito za dizeli za chuma, zikiwemo zile za Lister zilizovuta maji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na zile za Land Cruiser za zamani, zimebaki na heshima kubwa kaskazini mwa Kenya. Uzito wao ni kero kwa mtengenezaji wa Ulaya. Kwa mfugaji wa Wajir ni bima.

Utando wa milimita 0.15 hauna nafasi ya kuchongwa. Fundi akiuweka kwenye mashine ya kupanua silinda, atautoboa na kukutana na alumini. Kuupuliza upya kunahitaji bunduki maalumu inayozunguka ndani ya silinda, chumba cha kuzuia vumbi la metali, na mashine ya kusugulia kwa almasi. Hivyo ni vifaa vya kiwanda, na gereji za Garissa hazitarajiwi kuwa navyo. Linalobaki ni kuchonga silinda zaidi na kuingiza slivu ya chuma, iwapo ukuta kati ya silinda moja na nyingine una unene wa kutosha. Katika injini nyingi za kisasa hauna, kwa kuwa wabunifu walizisogeza silinda karibu kwa sababu tu slivu ilikuwa imeondolewa. Injini hiyo basi huishia kuwa chuma chakavu.

Si haki kuhitimisha kwamba teknolojia hii haina nafasi katika eneo hilo. Inawezekana iliingia kwa mlango usio wake. Ringi ya juu ya pistoni katika injini nyingi imepulizwa molibdeni kwa miongo kadhaa sasa, na madereva wa Garissa wamekuwa wakiitumia bila kujua jina lake. Nafasi kubwa zaidi iko kwenye pampu zenyewe.

Visima vingi sasa vinaendeshwa kwa nishati ya jua, vikiwemo vile vya kambi za wakimbizi za Dadaab. Pampu inayozamishwa kisimani haina silinda wala ringi, lakini mchanga unaopanda na maji husugua mapanga yake na shafti yake bila kukoma. Vivyo hivyo kwa pampu zinazovuta maji ya Tana, mto unaobeba tope jingi hasa baada ya mvua. Mradi wa unyunyizaji wa Bura, ng'ambo ya magharibi ya mto huo, uliopokea wakulima wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulitegemea pampu za dizeli, na kuharibika kwa pampu hizo mara kwa mara kulichangia kudorora kwake.

Kwa sehemu kama hizo, kipo kinachopulizwa chenye ugumu unaolingana na silika: kabaidi ya tangsteni iliyoshikanishwa kwa kobalti, inayofika 1,000 hadi 1,300 katika kipimo cha Vickers. Katika kituo cha umeme cha Nathpa Jhakri nchini India, ambako mto Satluj huteremsha mchanga wa Himalaya kwenye mitambo, mapanga ya chuma hupakwa utando wa aina hiyo ili kuongeza maisha yake. Shafti ya pampu iliyolika inaweza kupelekwa katika karakana ya viwandani ikapulizwa, ikakerezwa na kurudishwa kwa kipimo chake cha awali bila kununua mpya. Hata hapo, kazi hiyo ina faida tu ikiwa sehemu yenyewe ni ghali au haipatikani madukani.

Kwa wenye injini za alumini zilizokwisha kufika, kinga ya kwanza bado ni filta ya hewa, na hasa mpira unaoiunganisha na injini. Mpira huo ukipasuka, filta mpya kabisa haina kazi, kwani hewa hupitia ufa. Kuipuliza filta ya karatasi kwa kompresa kila jioni, desturi iliyoenea, kunaweza kuitoboa vitundu visivyoonekana. Oili nayo hubadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa vitabu hivyo huhesabu mazingira ya vumbi kuwa matumizi mazito.

Na kabla fundi hajaipeleka injini asiyoifahamu kwenye mashine ya kupanua silinda, yapo maelezo anayoweza kuyasoma kwa macho. Kifuniko cha juu kikishatolewa na uso kufutwa, slivu ya chuma hujionyesha kama pete ya rangi tofauti, yenye upana wa milimita moja au mbili, kuzunguka mdomo wa silinda. Pete hiyo isipoonekana, huenda hakuna slivu ndani, na mashine isiwashwe hadi ijulikane silinda hiyo imekingwa na nini.